Kamera Ndogo na Miguu ya Bibi

Nilichagua ile ndogo. Nalisema hili mwanzoni kabisa, asije mtu akasoma mpaka chini akitarajia kuniona najuta.

Zilikuwa mbili, juu ya meza ya padre, wiki aliyokuwa akifunga mizigo kurudi kwao Ulaya. Kwa muda mrefu nilikuwa nimempindia vitambaa vya altare na kuzitia viraka kanzu za watumishi bila kudai kitu, kwa sababu shangazi yangu, aliyenilea hapa Makanyagio, mjini Mpanda, na kunifundisha cherehani, aliona kulidai kanisa ni aibu. Padre hakusahau. Aliniita, akaziweka kamera zake mbili mbele yangu, akasema nichukue moja, nyingine itabaki parokiani.

Mtu mwingine angenyoosha mkono. Mimi niliomba ruhusa nikanawe kwanza. Nilinawa, nikajifuta kwa gauni, nikaona gauni lina vumbi, nikarudi kunawa tena. Niko hivyo. Nikishona pindo nalifumua kabla mteja hajaliona, nashona upya, kisha nikilala naliota limepinda. Padre alinijua. Aliwasha kiko chake akasubiri.

Ile kubwa ilikuwa boksi jeusi lenye macho mawili, moja juu ya jingine. Unaishika tumboni, unafunua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa na kuchungulia kwenye kioo. Ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa iliyojaa. Hiyo ndiyo kamera iliyoheshimiwa. Fundi picha wa mjini kwetu alikuwa na ya aina hiyo, juu ya stendi yenye miguu mitatu, na watu walipoiona tu walijipanga wenyewe, mikono magotini, midomo imefungwa. Niliinyanyua, nikachungulia. Padre aliposogea kulia, ndani ya kioo alisogea kushoto. Nikajaribu kumfuata, nikampoteza kabisa, jasho likanitoka.

Ile ndogo ilienea kiganjani, uzito wake kama kipande cha sabuni ya mche kilichobaki baada ya kufulia. Haikuhitaji betri. Kuizunguka lenzi kulikuwa na pete ya vioo vidogo vilivyopima mwanga vyenyewe, na mwanga ukiwa haba, kibendera chekundu kiliinuka ndani ya kidirisha cha kuchungulia na kitufe kikagoma. Padre alinieleza kwamba kila picha yake inachukua nusu tu ya nafasi ya kawaida kwenye filamu, kwa hiyo filamu moja inatoa picha maradufu. Kwetu Mpanda filamu ilikuja kwa treni kutoka Tabora, ikija, kwa hiyo hilo halikuwa jambo dogo. Lakini silo lililoniamulia. Niliiweka jichoni, nikaona kidirisha chake kimesimama wima, kirefu kwenda juu kuliko upana wake, na nikakitambua. Kilikuwa na umbo la ganda langu la kiberiti.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu. Kabla sijawa na kamera nilikuwa nimeshapiga picha miaka kadhaa, kwa kutumia ganda la kiberiti. Nilitoa kile kisanduku cha ndani, nikabaki na ganda lililo wazi pande zote mbili, nikawa nalishika wima jichoni na kuwatazama watu sokoni, stesheni, barazani kwa shangazi. Nilijifunza mahali ambapo mtu mzima, kuanzia nywele hadi viatu, anaenea humo ndani, na mahali ambapo nikisogea kidogo tu anapoteza miguu. Habari za mwanga nilizipata kwenye vikaratasi vinavyokuja ndani ya maboksi ya filamu. Fundi picha alivitupa nyuma ya studio yake, mimi nikaviokota. Maneno yake yalikuwa ya lugha nisizozijua, lakini michoro niliijua: jua kali, jua lenye wingu, wingu tupu, kivuli. Nilivibandika ukutani juu ya cherehani. Shangazi aliniuliza kama ni utabiri wa mvua.

Sababu ya yote hayo ilikuwa ndani ya fremu moja, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, kule Mamba, Mpimbwe. Ni picha ya arusi ya ndugu yetu, na ndiyo picha pekee ambayo mama yangu aliwahi kuwamo. Alifariki nikiwa mdogo sana; sura yake siikumbuki. Katika picha hiyo amesimama mwisho wa mstari. Fundi mpita njia aliyeipiga, alipoona karatasi ni pana kuliko fremu aliyowaletea, aliikata pembeni kwa wembe ili iingie. Mama akabaki bega moja, sikio moja, jicho moja, na mguu mmoja wenye kiatu. Bibi aliitundika hivyo hivyo. Lakini tangu siku hiyo alikataa kupigwa picha, na kila alipoombwa jibu lake lilikuwa lile lile: "Watanikata."

Mimi nilitaka kumpiga Bibi picha akiwa mzima. Miguu yote miwili, mikono yote miwili, mbele ya mlango wa nyumba ambamo mama yangu alizaliwa. Na sikuwa na muda. Amri ilikuwa imefika ya watu kuacha maboma yao ya zamani na kuhamia vijiji vipya vilivyopangwa na serikali, na mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akiishi na Bibi, alikuwa ameleta habari kwamba wakimaliza kuvuna wataibomoa nyumba ile, wachukue mlango na nguzo wakajengee kwingine.

"Hii," nikamwambia padre.

"Una hakika? Watu hawataiheshimu."

"Wataizoea."

Padre alicheka, moshi ukamtoka puani.

Hawakuizoea. Nilipiga filamu yangu ya kwanza papa hapa Makanyagio: majirani, shangazi kwenye cherehani, mama muuza dagaa. Kisha nikaipeleka kwa fundi picha aisafishe, maana yeye peke yake mjini ndiye aliyekuwa na chumba cha giza. Aliiweka kamera yangu kiganjani akaipimapima kama mtu anayechagua kitunguu. Kwenye benchi walikuwa wameketi wateja wakisubiri zamu zao.

"Binti, hii nayo ni kamera, au ni ya kuwashia sigara?"

"Ni kamera."

"Hii ni ya wazungu kupigia tembo wakiwa ndani ya gari. Si ya kazi."

Nilirudi siku aliyoniambia. Alikuwa amezichapa picha zangu kama alivyozoea kuchapa zake, filamu juu ya karatasi, bila kuzikuza, kwa sababu mashine ya kukuzia hakuwa nayo. Za kamera yake zilitoka na ukubwa wa kutosha kuwekwa kwenye albamu. Zangu zilitoka kama kucha. Alizishika kwa ncha ya kibano akawaonyesha wa kwenye benchi.

"Hizi si picha jamani, ni stempu. Akabandike kwenye barua."

Mama mmoja aliyekuwa amevaa viatu vya kuazima alivivua kwa kuwa vilimbana, akasogea karibu aone vizuri. "Hata stempu zina vichwa," alisema. "Huyu hana kichwa."

Alikuwa amesema kweli. Shangazi hakuwa na kichwa. Mama muuza dagaa alikatikia kwenye nyusi. Mimi, niliyekuwa nimeapa kutomkata mtu, nilikuwa nimewakata vichwa watu wa mtaa mzima.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Wateja walipotoka aliniita kando. "Padre bado hajaondoka," alisema. "Nenda kambadilishie, uchukue ile kubwa. Uje nayo hapa nikufundishe kazi. Mtoto wa kike mpiga picha, watu watakuja tu kukuangalia."

Nakiri kwamba nilikwenda. Nilifika mpaka kwenye uzio wa misheni nikiwa nimeishika ile ndogo ndani ya khanga, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia padre. Nilisimama pale nikiyarudia ili yasipinde. Halafu nikasikia hasira, si ya fundi, ya maneno yenyewe. Mtu asije kuniangalia mimi. Sikuwa nimejifunza kwa ganda la kiberiti ili niwe kioja cha studio ya mtu. Nikageuka.

Nyumbani nilikaa na zile stempu na kioo cha kukuzia cha shangazi cha kutungia sindano, mpaka nikaelewa. Kidirisha ninachochungulia si lenzi. Kiko juu yake kidogo. Mtu akiwa karibu, ninachokiona mimi na kinachoonwa na lenzi si kitu kimoja. Nikajisema: wewe ni fundi cherehani na hukuliona hili? Kitambaa hakikatwi juu ya mstari. Unaacha nafasi ya mshono. Tangu siku hiyo kila mtu niliyempiga nilimwachia nafasi ya mshono, juu na chini na pembeni, na filamu iliyofuata hakuna aliyepoteza hata unywele. Zilikuwa bado ndogo kama kucha. Sikujali. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Tabora kuna studio yenye mashine ya kukuzia.

Nilikwenda Mamba kwa lori lililokuwa likienda kupakia mpunga. Kamera nilikuwa nimeishonea mfuko wa vipande vya bitana, nikaivaa ndani ya blauzi, chini ya kwapa. Ndipo nilipomcheka fundi kimoyomoyo. Stendi yake ya miguu mitatu ingekaa wapi juu ya lori lile, katikati ya madebe ya mafuta ya taa, mbuzi, na watu waliokalia mizigo ya wenzao? Tulivuka Sitalike. Kwenye kizuizi cha mbung'o mlinzi alilizunguka lori na kiwavu chake akiwasaka wadudu hao, akatupekua vikapu vyote, na mimi hakuona nimebeba kitu. Lori liliposimama, popote liliposimama, niliingiza mkono kwapani kuhakikisha mfuko haujafunguka. Mzee aliyekaa karibu nami alinionea huruma akanielekeza dawa ya jipu.

Bibi alikuwa uwanjani akipeta mpunga. Upande wa jikoni nyasi za paa zilikuwa zimeshashushwa, mbavu za nyumba zikionekana.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umekonda. Huko mjini mnakula uzi?"

Mjomba alitoka nyuma ya kihenge na shoka begani. Nilimsalimu, nikawaeleza nilichokuja kukifanya. Bibi hakuacha kupeta. "Watanikata," alisema.

"Atakayepiga ni mimi, Bibi. Sikukati."

"Na yule naye alisema hivyo."

Nilitoa ganda la kiberiti nikampa. Nilimwonyesha namna ya kulishika, nikamwambia amtazame mjomba. Alilielekeza huku na huko, akampata.

"Unaiona miguu yake?"

"Naiona. Na tumbo nalo limeingia lote." Alilishusha ganda akamtazama mwanawe bila ganda, kana kwamba anahakikisha. "Haya. Lakini mara moja. Na mguu wangu ukikosekana, usirudi hapa."

"Malizeni asubuhi," alisema mjomba. "Mchana nang'oa mlango."

Jioni ile, wakati Bibi akipika, nililitumia ganda kupima uwanja. Nilipata mahali, karibu na kinu, ambapo mtu aliyesimama mbele ya mlango alienea mzima na nafasi ya mshono ikabaki. Nilipaweka alama ya kijiti. Nikakihamisha kidogo. Nikakirudisha.

Asubuhi Bibi alitoka amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa peku, na miguu alikuwa ameipaka mafuta mpaka inang'aa. Alisimama mlangoni, mikono imenyooka, akatazama mbele. Nikasimama kwenye kijiti changu, nikaiinua kamera, nikafumba jicho la kushoto.

"Wee," alisema mjomba. "Unafanya nini?"

"Napiga."

"Unamfumbia mama yangu jicho moja? Mimi nikifumba jicho namna hiyo, mbele yangu kuna ngiri."

Nilishusha kamera. Mjomba alikuwa na gobore, na kweli mkao wangu ulikuwa ule ule wa kwake. Sikuwahi kuufikiria. Mjini nilikuwa nimewapiga watu wa rika langu na majirani waliokuwa wakicheka. Sikuwa nimewahi kumwelekezea mtu mzima wa heshima kile kidude na jicho moja likiwa limefumbwa.

"Fundi wa mjini nilimwona," aliendelea. "Anainama. Anamheshimu mtu. Wewe unalenga."

Nilipomtazama Bibi alikuwa ameshanipa mgongo, uso wake umeelekea mlangoni.

"Bibi, sikulengi."

"Macho yangu yanaona. Hata mama yako hakunitazama hivyo."

Neno hilo lilinipiga mahali ambapo fundi na benchi lake lote hawakufika. Nilijua yaliyobaki: jua lilikuwa linapanda, mjomba ameshalaza shoka karibu na mwimo wa mlango, na bila kuweka kamera jichoni sikuwa na kidirisha, na bila kidirisha sikuwa na kitu. Kila nilichojifunza kilipitia kwenye jicho lile moja. Kama ningekuwa na ile kubwa, ningeinama juu ya boksi langu na kila mtu angeridhika. Niliwaza hivyo, siwezi kuficha. Na nilipowaza hivyo ile hasira ya kwenye uzio wa misheni ikarudi.

"Mjomba," nilisema, "yule hawainamii watu. Anaiinamia kamera yake, kwa sababu kioo chake kiko juu. Hata ukiweka mbuzi mbele yake atainama."

"Basi na wewe inama tuone."

"Siinami."

Nilirudi kwenye kijiti nikapiga magoti.

Nyumbani kwetu, mjukuu aliyetoka mbali akipiga magoti uwanjani kusalimu, haachwi pale. Mkubwa anayesalimiwa hutoka, akamfikia, akamshika mkono, ndipo mjukuu anainuka. Awe amekasirika au hakukasirika, anatoka. Jana yake nilisalimu kwa haraka, kama mtu wa mjini, nimesimama, vumbi la lori mwilini. Nilikuwa na salamu niliyobakiza. Niliishika kamera kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu cha kukabidhi, lenzi ikitazama mlangoni.

"Shikamoo Bibi."

Hakugeuka mara moja. Kisha akageuka. Alikuwa bado chini ya paa, na mimi nikabonyeza, na kitufe kikagoma. Sikuweza kukiona kile kibendera chekundu lakini nilijua kimeinuka. Bibi alikuwa kivulini.

"Shikamoo Bibi," nikasema tena, kwa sauti zaidi. Kokoto zilikuwa zinaniingia kwenye magoti, goti la kulia limezama kwenye pumba laini kuliko la kushoto, na sikuthubutu kujiweka sawa.

Bibi alitoka kivulini. Mguu wa kwanza ukaingia juani, ukang'aa, kisha uso, kisha mkono wa kulia ukaanza kunyooka kunijia. Nilijua kwamba akisogea zaidi atapoteza miguu. Sikuwa na kidirisha; nilikuwa na umbali wa kijiti na miaka yangu ya ganda la kiberiti. Nikabonyeza. Ilitoa sauti ndogo kama ya mtu anayekata uzi kwa meno. Nikasogeza filamu kwa kidole gumba nikabonyeza tena, lakini hapo mkono wake ulikuwa umeshafika.

"Marahaba," alisema, akiushika mkono wangu pamoja na kamera. Akaniinua. "Umeshanipiga?"

"Nimeshakupiga."

"Mzima?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mtu yeyote angesema ndiyo.

"Sijui," nikasema.

"Hajui," mjomba alikiambia kinu. Akaliendea shoka lake.

Nilimwomba Bibi asimame tena. Alikataa. Alisema mara moja ni mara moja, na kwamba kitenge hiki si cha kukaa nacho juani. Akaingia ndani kubadili, na ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akipita mlango ule, kwa sababu mchana mjomba aliung'oa, kama alivyosema. Filamu iliyobaki niliimalizia hapo: matundu ya mwimo, nguzo zikilala moja moja, fremu ya arusi juu ya rundo la vyombo. Vitu havikujali jicho langu. Mjomba alipojitwisha mlango kichwani alisimama akanisubiri.

"Mimi unaweza kunilenga," alisema. "Nishazoea."

Nilimlenga.

Filamu ilikwenda Tabora kwa treni. Sitasimulia namna nilivyosubiri, isipokuwa kwamba nilimshonea karani mmoja suruali yenye miguu miwili ya kushoto, nikajua pale alipojaribu kuivaa. Bahasha ilirudi kupitia kwa fundi picha wetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyejulikana huko, na nilipoitwa na kufika studioni alikuwa ameshaifungua. Picha zilikuwa zimetandazwa mezani, sasa kubwa kama za watu wengine. Ya Bibi alikuwa ameitenga. Pembeni yake kulikuwa na rula na wembe.

Nilihesabu kabla sijavuta pumzi. Mguu. Mguu mwingine, kisigino kimeinuka, mafuta yanang'aa. Mkono uliobaki nyuma, mkono unaokuja. Masikio yote. Bibi alikuwa katikati ya hatua, mdomo umefunguka kidogo kuitikia salamu, akinitazama mimi na si kamera. Katika studio ile sikuwahi kuona picha ya mtu anayetembea. Nyuma yake mlango, kizingiti, paa upande mmoja likiwa zima na upande mwingine mbavu tupu.

Na vyote vilikuwa vimepinda. Nyumba, mlango, Bibi, vyote vililalia kushoto, kama kwenye meza yenye mguu mfupi. Goti langu kwenye pumba.

"Umempata," alisema fundi, na nadhani lilimgharimu. Kisha akaishika rula. "Imepinda tu. Nakuchongea pembeni, inanyooka. Bure."

"Usikate."

"Kidogo tu. Ona, hapa na hapa."

Hapa palikuwa kidole gumba cha mguu wa Bibi. Na hapa palikuwa ncha za vidole vya ule mkono unaokuja. Goti lilikuwa limeimeza ile nafasi yangu ya mshono.

"Usikate, fundi."

"Binti, mimi ndiye nimekaa na wateja. Picha iliyopinda ni aibu ya fundi. Nani atatundika nyumba inayoanguka?"

Mimi, ambaye hufumua pindo asiloliona mtu, nilitamani akate. Nilitamani sana. Niliuona mstari ulionyooka kichwani mwangu, safi, na nikamwona pia fundi mpita njia wa siku ile ya arusi, ambaye naye bila shaka alitaka tu iingie vizuri kwenye fremu. Nikaweka kiganja changu juu ya picha.

"Nyumba yenyewe imeshaanguka," nikasema. "Ukitaka kukata, anza na vidole hivi."

Aliutazama mkono wangu, kisha akauweka wembe kwenye kopo lake. "Haya. Wakikuuliza, usiseme imetoka kwangu."

"Haikutoka kwako."

Niliipeleka picha Mpimbwe kwa lori lile lile. Nyumba mpya ilikuwa kwenye mstari wa nyumba zinazofanana, lakini mlango niliujua. Nilipiga magoti nje, Bibi akatoka, akaniinua, akaketi na picha mapajani. Alipitisha kidole taratibu: mguu, mguu, mkono, mkono, sikio. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujieleza. Nilimwambia habari za pumba na goti, na kwamba najua imepinda, na kwamba nilikatazwa kuweka jichoni, na kwamba fundi alitaka kuinyoosha lakini ingebidi vidole vitoke.

Bibi aliishika picha kwa pembe mbili, akaizungusha kidogo tu mikononi mwake, mpaka yeye ndani yake akasimama wima.

"Iliyopinda ni ipi?" aliuliza.

Mjomba alichungulia juu ya bega lake. Alitazama muda mrefu, hasa lile paa. "Mlango umetoka vizuri," alisema.

Walisafisha nafasi ukutani karibu na ile fremu ya arusi, na Bibi mwenyewe alisimamia namna ya kupigilia msumari.

Ile kamera kubwa bado iko parokiani, ndani ya kabati, na fundi bado ananikumbusha kila ninapopeleka filamu. Mimi bado natembea na ndogo, kwapani kwenye mfuko wake wa bitana, na watu wa heshima nawapigia magoti na kuwapiga kutoka kifuani. Wengine hutoka wamepinda. Bado nalala vibaya kwa ajili yao. Lakini wana miguu.

Nakala yangu ya Bibi nimeitundika juu ya cherehani, pale vilipokuwa vile vikaratasi vya jua na mawingu. Fremu nimeiinamisha kidogo upande ili yeye asimame wima. Wateja wakiingia, hakosi mmoja wa kunyoosha mkono na kuiweka sawa. Namwacha. Akishatoka, nainuka, naipindisha tena mpaka Bibi awe wima.